Aneurisimu ya ateri za mguu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wanaofika kliniki ya mishipa ya damu wakiwa na karatasi iliyoandikwa "aneurisimu nyuma ya goti" wamelisikia neno hilo kwa mara ya kwanza siku hiyohiyo. Maswali yaliyo hapa chini ni yale wanayouliza wao, wake zao na watoto wao, tena na tena, mlangoni wakiwa wameshaaga. Majibu hayachukui nafasi ya daktari aliyekushika mguu, ila yatakusaidia kumwuliza mambo ya maana.

Kama unasoma kwa sababu mguu umekuwa baridi na kuuma ghafla leo, soma swali la 7 tu, kisha nenda hospitali.

## Mambo ya msingi

1. Aneurisimu ni nini hasa?

Ateri ni mshipa unaopeleka damu kutoka kwenye moyo. Ukuta wake una misuli na nyuzi zinazonyumbuka: moyo ukisukuma unatanuka, moyo ukipumzika unarudi. Ukuta ukichoka mahali fulani, haurudi tena. Unabaki umetanuka, na kila pigo la moyo linauongezea kidogo. Sehemu hiyo iliyotanuka ndiyo aneurisimu. Kwa kawaida jina hilo hutumika kipenyo kikifika mara 1.5 ya kile cha kawaida. Ateri ya nyuma ya goti haifiki sentimita 1 kwa watu wengi, kwa hiyo ikifika sentimita 1.5 hivi tayari inaitwa aneurisimu.

Damu ikiingia kwenye sehemu iliyotanuka hupunguza mwendo na kuzunguka kandokando mwa ukuta. Huko huanza kuganda, tabaka juu ya tabaka. Kumbuka bonge hilo la damu iliyoganda, maana sehemu kubwa ya majibu yanayofuata inalihusu.

2. Ni sawa na ile mishipa inayojitokeza na kujikunja miguuni?

Hapana. Ile ni vena, mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, na huonekana chini ya ngozi kama kamba za rangi ya bluu. Aneurisimu iko ndani zaidi, haionekani kwa macho mara nyingi, na ukiigusa inapiga.

3. Hutokea sehemu gani ya mguu?

Nyuma ya goti kuliko kwingine kote. Kati ya aneurisimu zote zinazotokea nje ya kifua, tumbo na kichwa, takriban 7 katika kila 10 ziko hapo. Inayofuata ni ya ateri ya paja, pale kwenye kinena ambapo ukibonyeza unasikia mapigo. Chini ya goti ni nadra, na zikionekana huko daktari hutafuta kwanza jeraha la zamani au maambukizi.

4. Ni nani hupata, na kwa nini?

Mgonjwa wa kawaida ni mwanamume aliyepita miaka 60 ambaye amevuta sigara kwa miaka mingi, ana shinikizo la juu la damu, au vyote viwili. Wanaume ni zaidi ya 9 katika kila 10 ya wenye aneurisimu ya nyuma ya goti, na hakuna maelezo yaliyokamilika ya tofauti kubwa namna hiyo.

Ukuta wa ateri hudhoofika kwa miaka, seli za kinga zikila nyuzi zake za kunyumbuka. Anayepata tatizo hili mguuni mara nyingi analo na kwingine. Karibu nusu ya wagonjwa wanayo kwenye miguu yote miwili, na kati ya theluthi na nusu wana aneurisimu ya aota, yaani ile ateri kuu inayopita tumboni. Kwa hiyo ukiambiwa unayo mguu wa kulia, usiondoke bila kuuliza habari za mguu wa kushoto na za tumbo (swali la 12).

Kwa vijana sababu huwa nyingine kabisa. Tazama swali la 23.

5. Je, itapasuka?

Hili ndilo swali la kwanza la karibu kila mtu, na ni hofu iliyoazimwa kutoka kwenye aneurisimu ya tumbo, ambayo kweli huua kwa kupasuka. Ya nyuma ya goti hupasuka mara chache sana. Hatari yake ni kuziba.

Inaziba kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya kimyakimya: vipande vidogo vya lile bonge vinabanduka, vinasafiri na damu, na kukwama kwenye ateri nyembamba za chini ya goti. Kutoka gotini kwenda chini kuna ateri tatu tu zinazolisha mguu. Ikizibwa moja, mtu hahisi kitu. Ikizibwa ya pili, kigimbi kinaanza kuuma akitembea. Mgonjwa anasema ni uzee, na sisi madaktari wengine tunakubaliana naye. Njia ya pili ni ya ghafla: aneurisimu yenyewe inajaa bonge na kufunga kabisa. Kama zile ateri tatu zilishaharibika kimyakimya, damu haina pa kupita, na mguu unaanza kufa ndani ya saa chache.

Ndiyo maana tunawahimiza watu watibiwe wakiwa bado hawaumwi. Anayesubiri maumivu anaweza kuletwa na maumivu hayo wakati mguu una saa chache tu za kuokolewa.

## Dalili

6. Sihisi chochote. Inawezekanaje nina ugonjwa mkubwa?

Inawezekana, na ndivyo wengi walivyo siku wanayogunduliwa. Zinapokuwepo, dalili ni hizi: kigimbi kubana ukitembea umbali fulani na kuachia ukisimama, kidole cha mguu kuwa cha bluu au cheusi bila kujikwaa, kitu kinachopiga nyuma ya goti, hasa ukikunja mguu kitini, mguu kuvimba kwa sababu vena iliyo jirani imebanwa, au ganzi kwenye unyayo kwa sababu neva imebanwa.

Kidole cha bluu kinastahili aya yake. Namkumbuka mzee mmoja aliyekuja na kidole kidogo cha mguu cha rangi ya zambarau, kinamuuma usiku hasa akijifunika shuka. Alikuwa amepewa dawa ya gauti kwingine, kisha ya fangasi, kisha akaambiwa abadilishe viatu. Mapigo ya juu ya unyayo yalikuwepo, na hilo ndilo lililowadanganya waliomwona. Nilipoingiza vidole nyuma ya goti lake, palikuwa na kitu cha ukubwa wa limau kinachosukuma mkono wangu nje kila sekunde. Mapigo yakiwepo unyayoni na kidole kimoja kikiwa kinakufa, kuna kitu juu yake kinachorusha vipande, na lazima kitafutwe: moyoni, kwenye aota, nyuma ya goti.

7. Mguu umekuwa baridi na unauma ghafla. Nifanye nini?

Nenda hospitali yenye upasuaji sasa hivi, hata kama ni usiku wa manane. Misuli na neva za mguu usio na damu huanza kuharibika moja kwa moja baada ya saa 6 hivi, na saa hizo zinahesabiwa tangu maumivu yalipoanza.

Mambo sita huenda pamoja: maumivu makali, rangi kupauka, ubaridi, kukosa mapigo, ganzi, na kushindwa kusogeza vidole. Mawili ya mwisho ndiyo mabaya zaidi. Mguu unaouma lakini unahisi na kusogea bado unatupa nafasi ya kupima na kupanga. Mguu uliokufa ganzi na kulegea unahitaji chumba cha upasuaji mara moja.

Ukiwa njiani, uache mguu uning'inie kidogo chini ya usawa wa mwili. Usiuinue juu ya mito. Usiuchue. Usiukande kwa maji ya moto wala chupa ya moto, kwa sababu ngozi isiyohisi inaungua bila wewe kujua na ngozi isiyo na damu haiponi. Usile wala kunywa, huenda ukapewa nusu kaputi. Andika saa maumivu yalipoanza, na dawa unazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda.

Hospitalini utachomwa heparini kwenye mshipa ili bonge lisiendelee kukua. Kinachofuata kiko kwenye swali la 18.

8. Nina uvimbe nyuma ya goti. Nitajuaje kama ni aneurisimu?

Uvimbe mwingi wa hapo si aneurisimu. Ulio wa kawaida ni mfuko wa majimaji ya goti yaliyosukumwa nyuma, hasa kwa watu wenye goti lililosagika. Mfuko huo haupigi, hupungua na kuongezeka kadiri goti linavyouma, na mara nyingi uko upande wa ndani. Aneurisimu inapiga, na inatanuka pande zote kila inapopiga.

Tatizo ni kwamba aneurisimu iliyojaa bonge inaweza kuacha kupiga na kuwa ngumu kama uvimbe wowote. Kwa hiyo uvimbe wa nyuma ya goti usichomwe sindano wala kupasuliwa kabla ya altrasaundi. Hakuna sababu nzuri ya kuiruka. Ni kipimo cha dakika chache.

## Uchunguzi

9. Daktari anapima nini kwa mikono?

Utalala chali, goti limekunjwa kidogo na mguu umelegezwa kabisa. Mpimaji anaweka vidole gumba mbele ya goti na kuizamisha mikono miwili nyuma, ncha za vidole zikikutana katikati ya lile bonde. Kisha anasubiri bila kusogea. Mapigo ya hapo kwa kawaida ni magumu kuyapata. Hata wazoefu huyatafuta. Kwa hiyo mapigo ya nyuma ya goti yakipatikana kwa urahisi mno, hasa kwa mwanamume wa umri mkubwa, mpimaji mzuri anashtuka.

Baada ya hapo anagusa kinena, juu ya unyayo, nyuma ya kifundo, anahamia mguu wa pili, na kumalizia tumboni. Mara nyingi pia atapima shinikizo la damu kwenye kifundo na kulilinganisha na la mkono. La kifundo likiwa chini sana kuliko la mkono, damu haifiki vizuri.

10. Altrasaundi inatosha?

Kwa kugundua na kufuatilia, ndiyo. Haiumi, haina mionzi, na inaonyesha mambo matatu kwa mara moja: upana wa ateri kutoka ukuta hadi ukuta, kiasi cha bonge lililomo ndani, na jinsi damu inavyopita. Ukipewa majibu yenye namba moja tu ya kipenyo, uliza kuhusu bonge. Aneurisimu ya sentimita 1.8 iliyojaa bonge inanitia wasiwasi kuliko ya sentimita 2.1 iliyo safi.

11. Kwa nini basi nimeandikiwa CT au MRI?

Kwa sababu mpasuaji anahitaji ramani. Anataka kujua ateri nzima kuanzia tumboni hadi unyayoni: wapi ateri ni nzima vya kutosha kushonea, na ateri ngapi kati ya zile tatu bado ziko wazi. CT yenye dawa inayofanya mishipa ionekane pichani inatoa ramani hiyo kwa dakika chache. Mwambie mpimaji kama una ugonjwa wa figo au uliwahi kudhurika na dawa hiyo. MRI hufaa pale CT isipofaa.

Kuna pia angiografia, ambapo katheta, yaani mrija mwembamba, inaingizwa ndani ya ateri na dawa kumwagwa wakati picha zinapigwa. Ni nzuri sana kwa kuonyesha ateri ndogo za chini, lakini ina mtego: inaonyesha damu inapopita tu. Bonge likiwa limejaza pembeni na kuacha njia nyembamba katikati, picha itaonyesha ateri ya kawaida kabisa, na aneurisimu haitaonekana. Kwa hiyo angiografia safi peke yake haimwondolei mtu aneurisimu.

12. Naumwa mguu mmoja. Kwa nini mnapima tumbo na mguu wa pili?

Hesabu ziko kwenye swali la 4. Ya mguu inaweza kukupotezea mguu, ya tumbo inaweza kukuua, na zote mbili hukaa kimya. Ningeweza kubadili kitu kimoja tu katika namna ugonjwa huu unavyoshughulikiwa, ningefanya altrasaundi ya tumbo na magoti yote mawili kuwa kipimo kimoja kisichogawanywa. Hata ukikutwa uko salama leo kwingine kote, rudia kila unapokuja kwenye ufuatiliaji, kwa sababu aneurisimu mpya hujitokeza miaka baadaye.

## Matibabu

13. Ni lini inabidi itibiwe?

Ikiwa na dalili, itibiwe, bila kujali ukubwa. Isipokuwa na dalili, kipimo kinachotumika sana ni sentimita 2 kwa ile ya nyuma ya goti. Mgonjwa ambaye moyo au mapafu yake hayawezi kuhimili upasuaji anaweza kusubiri hadi sentimita 3, hasa kama hakuna bonge ndani. Upande wa pili, iliyo chini ya sentimita 2 inaweza kutibiwa mapema ikiwa ina bonge na ateri za chini zimeanza kuziba.

Ya paja kwenye kinena husubiri zaidi, kwa kawaida hadi sentimita 3 au kupita kidogo, kwa kuwa huleta madhara mara chache kuliko ya goti.

14. Kuna dawa ya kuirudisha ndogo?

Hakuna. Ukuta uliotanuka haurudi. Dawa utakazopewa, kama aspirini, statini (za kupunguza kolesteroli) na za shinikizo la damu, zinalinda moyo, ubongo na mishipa mingine, na hiyo ni kazi kubwa: wagonjwa hawa huuawa zaidi na moyo kuliko na mguu. Kuacha sigara kunasaidia pande zote, pamoja na kuifanya njia mpya ya damu idumu. Mimea, mafuta ya kuchua na bandeji za kubana haziifanyi iwe ndogo. Kuchua kunaweza hata kubandua bonge.

15. Upasuaji wa wazi unafanywaje?

Wazo lake ni rahisi kueleza: damu ipewe njia nyingine, na aneurisimu ifungwe isipitishe kitu. Kama barabara ya mchepuko inayoepuka daraja bovu, kisha daraja likafungwa pande zote mbili. Njia bora ya mchepuko ni vena yako mwenyewe, ile ndefu inayopita upande wa ndani wa mguu kutoka kifundoni hadi kwenye kinena. Mguu unaweza kuishi bila hiyo, kwa kuwa vena zilizo ndani zaidi hubeba sehemu kubwa ya damu. Vena ikiwa nyembamba au ilishatumika, hutumika mrija wa kutengenezwa, ambao chini ya goti haudumu kama vena.

Mpasuaji anaweza kuingia kwa upande wa ndani wa mguu, akipata nafasi ya kufika juu na chini sana, au kwa nyuma ya goti, ukiwa umelala kifudifudi. Njia ya nyuma inafaa aneurisimu fupi. Inamruhusu kuifungua, kuondoa bonge, kushona vimishipa vidogo vinavyomwagia humo, na kuweka kipande kipya palepale. Ikiwa kubwa na inabana neva au vena, njia hii hupunguza mbano hapohapo.

Kufunga ateri kwa ajili ya ugonjwa huu si jambo jipya. Mwaka 1785 huko London, mpasuaji John Hunter alimfunga ateri ya paja mwendesha gari la farasi aliyekuwa na aneurisimu nyuma ya goti, wakati ambapo wengi wa namna hiyo walikatwa mguu. Alifunga juu, mbali na sehemu iliyooza, akitegemea mishipa midogo ya pembeni ipanuke na kuchukua kazi. Mgonjwa akatembea. Njia iliyomo ndani ya misuli ya paja, unamopita mshipa huo, bado inaitwa kwa jina la Hunter. Alichokosa ni namna ya kurudisha damu, na hiyo ndiyo kazi ya vena leo.

16. Stenti je?

Hii ni mrija wa nyavu za chuma uliofunikwa kwa kitambaa, unaopitishwa kwenye kinena na kufunguliwa ndani ya aneurisimu. Damu inapita ndani ya mrija, na nafasi iliyobaki nje yake inaganda. Kidonda ni kidogo, mara nyingi ganzi inatosha, na unaweza kurudi nyumbani baada ya siku moja au mbili.

Ugumu wake ni goti lenyewe. Goti linakunjwa maelfu ya mara kwa siku, na stenti iliyo nyuma yake inakunjwa nalo. Inaweza kuvunjika, kuteleza, au kuziba. Inahitaji pia kipande cha ateri nzima juu na chini cha kushikilia, na angalau ateri moja nzuri ya kupeleka damu unyayoni. Baada yake utatumia dawa mbili za kuzuia chembe za damu kushikana, kwa kawaida aspirini na klopidogreli, na kuziacha kiholela ni kuualika mrija uzibe.

Kwenye kinena stenti huepukwa. Nyonga inakunjwa vibaya zaidi, na mdomo wa ateri inayolisha misuli ya paja ungefunikwa.

17. Kati ya hizo mbili, ipi bora?

Kwa mtu mwenye afya ya kutosha, anayetarajia kuishi zaidi ya miaka 5, na mwenye vena nzuri, mimi nasema vena, na miongozo mingi ya wapasuaji inaelekea hukohuko. Hudumu zaidi na hurudishwa kwenye chumba cha upasuaji mara chache zaidi. Kwa mzee wa miaka 85 mwenye moyo dhaifu na ateri zenye umbo zuri, stenti ni zawadi.

Kabla hujakubali, muulize daktari wako mambo matatu: vena yangu imepimwa? Ateri ngapi ziko wazi chini ya goti? Mkiweka stenti ikaziba, mpango wa pili ni upi? Daktari mzuri hatakasirika.

18. Damu ikishaganda na mguu umekuwa baridi, unaokolewaje?

Inategemea mguu umefikia wapi. Ukiwa unahisi na kusogea, katheta inaweza kuingizwa hadi kwenye bonge na dawa ya kuliyeyusha ikadondoshwa polepole kwa saa nyingi, ukiwa chini ya uangalizi mkali kwa kuwa dawa hiyo inaweza kuleta damu kuvuja kwingine, hata kwenye ubongo. Lengo ni kufungua zile ateri za chini, maana mchepuko usio na mahali pa kumwaga damu unaziba siku hiyohiyo. Zikifunguka, ndipo upasuaji au stenti inafuata.

Mguu ulioanza ganzi na kulegea hausubiri. Mpasuaji anaingia, anavuta bonge kwa katheta yenye puto, anaweka vena. Damu ikirudi, misuli iliyonyimwa hewa huvimba ndani ya mifuko yake migumu hadi inajibana yenyewe, kwa hiyo mara nyingi ngozi na mifuko hiyo hupasuliwa kwa urefu pande mbili za mguu na kuachwa wazi kwa siku kadhaa. Ndugu wakiviona vidonda hivyo huogopa sana. Ndivyo vinavyouokoa mguu.

Mguu uliokwisha kufa, wenye misuli migumu na ngozi ya madoadoa yasiyopauka ukiyabonyeza, haurudishiwi damu. Sumu iliyojikusanya humo ikirudi mwilini inaweza kusimamisha moyo na kuua figo. Hapo kukata ndiko kunakookoa maisha, na mgonjwa anastahili kuambiwa hivyo waziwazi, akiwa na mtu wake karibu.

## Baada ya matibabu

19. Nitapona baada ya muda gani?

Baada ya upasuaji wa wazi, siku kadhaa hospitalini na wiki 6 hivi kabla ya kujisikia mwenye nguvu. Mguu utavimba, pengine kwa miezi, na mara nyingi si dalili mbaya: inua mguu ukikaa, tembea kila siku. Sehemu ya ndani ya kigimbi inaweza kubaki na ganzi pale neva iliyo jirani na vena iliposumbuliwa. Kidonda kikiwa chekundu, kikitoa usaha, au mguu ukiwa baridi kuliko mwenzake, rudi siku hiyohiyo.

20. Ufuatiliaji ni wa nini kama tayari nimetibiwa?

Vena iliyoshonwa inaweza kujifinya mahali bila kukuambia, hasa mwaka wa kwanza. Altrasaundi ya miezi 3, 6 na 12, kisha kila mwaka, inaukamata mfinyo huo ukiwa bado unaweza kupanuliwa kwa puto. Njia ikishaziba kabisa, kazi inakuwa kubwa mara kumi.

Aneurisimu iliyofungwa nayo inaweza kuendelea kukua. Vimishipa vidogo vinavyozunguka goti vinaendelea kuimwagia damu kutoka pembeni. Ukisikia tena uvimbe nyuma ya goti miaka kadhaa baada ya upasuaji, usijiambie kwamba iliondolewa.

21. Naweza kupiga magoti, kuendesha gari, kusafiri?

Wenye vena hufanya karibu kila kitu kidonda kikishapona. Wenye stenti wasikae wamekunja goti kabisa kwa muda mrefu, kama kuchuchumaa au kukalia visigino; kama sala au kazi yako inakutaka hivyo, mweleze daktari kabla ya kuchagua tiba, kwa sababu hilo peke yake linaweza kubadilisha uamuzi. Safari ndefu ni ya kuamka na kutembea kila saa moja au mbili.

## Hali zisizo za kawaida

22. Nilipimwa moyo kupitia kinena, sasa pana uvimbe unaopiga. Ni aneurisimu?

Ni aneurisimu isiyo ya kweli. Ukuta wa ateri haujatanuka. Tundu la sindano halijaziba, na damu inatoka na kurudi kwenye mfuko uliozungukwa na nyama. Mdogo wa chini ya sentimita 2 mara nyingi hujifunga wenyewe. Mkubwa hubonyezwa kwa kifaa cha altrasaundi, au huchomwa trombini ndani yake, dawa inayogandisha damu kwa sekunde chache. Ngozi ikikaza na kung'aa, uvimbe ukikua kwa kasi, au ukiwa na maambukizi, inabidi upasuliwe.

23. Mgonjwa ni kijana. Tufikirie nini?

Jeraha kwanza: risasi, kisu, goti lililoteguka. Kisha ateri kubanwa na msuli wa kigimbi uliokaa vibaya tangu kuzaliwa. Huonekana kwa wanamichezo wanaoumwa kigimbi wakikimbia, na ateri hutanuka baada ya sehemu iliyobanwa. Kuna magonjwa ya kurithi ya nyuzi za mwili, ugonjwa wa Behçet (ambapo mishipa ya damu huvimba na kuwaka), na aneurisimu za wenye virusi vya UKIMWI, ambazo huweza kuwa nyingi na kutokea shingoni na kwenye paja. Kila moja ina tiba yake, kwa hiyo usikubali kupasuliwa kabla sababu haijatafutwa, ila kama mguu uko hatarini.

24. Nina homa na aneurisimu inayouma. Inahusiana?

Inaweza. Bakteria kama Salmonella na Staphylococcus hula ukuta wa ateri, na aneurisimu ya namna hiyo, tofauti na nilivyoeleza kwenye swali la 5, hupasuka kirahisi. Wanaojidunga dawa kwenye kinena wako hatarini zaidi. Damu huoteshwa maabara, antibayotiki huanza mara moja, na sehemu iliyoambukizwa huondolewa. Mrija wa kutengenezwa huepukwa humo.

25. Mapigo yangu yako kwenye tako, na nikikaa panauma. Mbona?

Wachache sana huzaliwa na ateri ya tangu tumboni mwa mama ambayo kwa kawaida hutoweka kabla ya kuzaliwa. Kwao ndiyo inayolisha mguu, inapita nyuma ya tako pamoja na neva kubwa, na kila wakikaa wanaikalia. Aneurisimu ya hapo huchanganywa na maumivu ya mgongo yanayoshuka mguuni. Uvimbe unaopiga kwenye tako usichomwe sindano ya aina yoyote.

26. Wameniambia aneurisimu yangu ilishaziba zamani, na ninatembea vizuri. Nifunguliwe?

Pengine hapana. Kama iliziba polepole na mishipa ya pembeni ikachukua kazi, hatari kubwa imeshapita: hakuna damu inayopita humo ya kubeba vipande. Utatibiwa kwa mazoezi ya kutembea, kuacha sigara na dawa za swali la 14, na upasuaji utafikiriwa ukianza kuumwa mguu ukiwa umepumzika au ukipata kidonda kisichopona. Uhesabu mguu wa pili kuwa ndio mgonjwa wako sasa, upimwe wiki hii.

27. Wanangu na ndugu zangu wapimwe?

Ukiwa na aneurisimu ya aota pia, ndugu zako wa damu, hasa wanaume waliopita miaka 50, wazungumze na daktari kuhusu altrasaundi ya tumbo, na wakiwa hapo magoti yapitiwe. Ikiwa yako ni ya goti peke yake na wewe ni mzee mvutaji wa sigara, hakuna sababu ya kuwatia watoto hofu. Mdogo wako wa kiume anayevuta kama ulivyovuta wewe, huyo mlete.